Daktari Aliyeuliza: Ugonjwa Huu Uko Wapi?

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua mikorosho katika kitongoji kimoja cha hapa Chiungutwa. Mama mwenye nyumba alinionyesha mtoto wake wa miaka sita. Taya lake la kushoto lilikuwa limevimba.

"Bwana Shamba, hebu mtazame huyu," alisema.

Nilimtazama, nikajibu, "Jino hilo, mama. Litapoa."

Nilipopita tena baada ya wiki tatu, uvimbe ulikuwa umefika kwenye jicho. Meno yalikuwa yanalegea. Walimpeleka hospitali, lakini walikuwa wamechelewa. Mtoto hakupona.

Halikuwa jino. Ilikuwa saratani. Leo nakueleza habari za daktari aliyeuchunguza ugonjwa huo, ili wewe usikosee kama nilivyokosea mimi.

DAKTARI BURKITT

Daktari huyo aliitwa Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa mtoto alipata ajali, akapoteza jicho moja. Hata hivyo alisoma mpaka akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alikuja kufanya kazi Uganda. Baadaye alikuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Akaanza kupekua madaftari ya hospitali. Akakuta watoto wengi walikuwa na uvimbe wa taya, na baadhi yao walivimba tumboni pia. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja! Mwaka 1958 aliandika habari zake. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt.

SAFARI YA KUULIZA

Wewe mkulima unajua. Ubwiri unga ukiingia kwenye mikorosho, tunauliza: Umeanzia shamba gani? Mwezi gani? Bondeni au mlimani?

Burkitt naye aliuliza hivyo hivyo. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu. Walitoka Uganda, wakapita Tanganyika, wakafika mpaka Afrika Kusini. Walitumia wiki 10 na kwenda kilomita 16,000 hivi. Kila hospitali waliuliza: Je, mmeona watoto wa namna hii?

Jibu lilikuwa wazi. Katika milima ya baridi ugonjwa haukuonekana. Katika sehemu za joto na mvua ulikuwapo. Sehemu hizo ndizo zenye mbu na malaria.

Mwaka 1964 wataalamu watatu wa London, Epstein, Achong na Barr, waliona kirusi ndani ya uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho hakiletwi na mbu. Huenea kwa mate, na watu wengi sana duniani wanacho bila kuugua. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake hulemewa. Hapo saratani hii hupata njia.

DAWA IPO

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini aliona kisu hakitoshi. Akawapa watoto dawa za saratani. Uvimbe ulinywea, na baadhi yao wakapona kabisa. Burkitt alifariki mwaka 1993, lakini mtindo huo wa kutibu kwa dawa unaendelea mpaka leo. Mtoto anayewahishwa na kumaliza dawa zote ana nafasi nzuri ya kupona.

UFANYE NINI?

1. Mtoto akivimba taya, shavu, jicho au tumbo, au meno yakilegea kabla ya wakati wake, mpeleke zahanati siku ile ile. Uvimbe huu hukua haraka sana. Usingoje mauzo ya korosho.

2. Usimchanje wala kumfunga majani. Usitafute mchawi.

3. Ukipewa barua ya kwenda Mkomaindo, Ndanda au Muhimbili, nenda. Uvimbe ukinywea, usikatize dawa. Maliza.

4. Mlaze mtoto ndani ya chandarua kila usiku. Akipata homa, apimwe malaria.

Ndugu msomaji, Burkitt alikuwa daktari, lakini hakuona aibu kuuliza. Mimi siku ile nilijibu jambo nisilolijua. Afadhali ningesema, "Mama, mimi ni wa mikorosho. Twende zahanati."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Burkitt alisafiri mbali namna ile?
2. Chandarua kinamsaidiaje mtoto katika habari hii?
3. Katika kijiji chako, ni mambo gani huwachelewesha wazazi kufika zahanati? Mtayaondoaje?