MTOTO ALE SOMBE YENYEWE, SI MAJI YAKE TU

Mama, wakati wa chakula unaweka nini kwa sahani ya mtoto? Wamama wengi wanamupa bugali na maji ya sombe, na majani yenyewe yanabaki kwa wakubwa. Wanasema tumbo ya mtoto haiwezi. Inaweza! Tangu miezi 6, pamoja na kunyonya, mtoto anaweza kula sombe iliyotwangwa laini na kuiva vizuri.

Sombe, lengalenga na matembele zinaleta vitamini A. Mtoto akiikosa, jua likishuka anaanza kujikwaa, anapapasa kikombe na kiko mbele yake. Akiendelea vile, macho yanaweza kufa kabisa. Tena majani haya yako na chuma, yenye kusaidia damu. Kwa vitamini A, sombe ya shamba lako inapita mbali shu nyeupe, ile unalipa feza nyingi sokoni.

Lakini sombe mbichi iko na sumu. Chagua majani machanga, uyaoshe, uyatwange mpaka yalainike, kisha uyatokoteshe saa moja ao zaidi, bila kufunika chungu. Kutwanga na moto, vyote viwili, ndivyo vinaondoa sumu. Usitie bikarbonate ao chumvi ya majivu ili iive mbio: inaharibu vitamini zingine. Lengalenga haiko vile. Ioshe mbele ya kuikata, uipike dakika 10 hivi, basi.

Na mafuta? Tia, mama, hata kijiko kimoja kwa sahani ya mtoto. Bila mafuta, vitamini A haiingie vizuri mwilini. Mafuta ya ngazi yanafaa sana, kwani ule wekundu wake ni vitamini A pia. Ndiyo maana usiyaunguze mpaka yawe meupe, hata kama bibi yako alizoea vile.

Bugali na majani peke yake havikomazi mtoto. Changa ndani karanga za kutwanga, ao maharagi yaliyopondwa, ao ndagala na sambaza za kusaga (hata konzi ndogo). Karanga zenye ukungu, tupa.

Mtoto akivimba miguu, nywele ikigeuka nyekundu na kunyofoka, amenyamaza na hataki kucheza, ile ni bwaki. Usimutafutie sombe kwanza. Umulete kwa hospitali leo, usingoje siku ya kupima kilo.