Jino Limeng'olewa: Tutie Jingine Lini?

Mwalimu mwenzetu alivunjika jino la mbele hata mzizi, akaambiwa halina budi kung'olewa. Akatuambia kwa huzuni: «Ndugu zangu, nitasimamaje mbele ya watoto na pengo hili? Nataka jino jipya siku ileile.» Lakini mke wake, aliyekuwa akihesabu fedha za masomo ya watoto, akasema: «Pengo haliui mtu, Baba Yosefu. Tungoje mwaka mmoja au miwili.» Wasomaji wapenzi, kati ya hao wawili nani alisema kweli?

Yafaa kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Mganga wa meno hutia ndani ya mfupa wa taya kizizi cha madini ya titani, chenye umbo la parafujo. Juu yake ndipo huvikwa jino la bandia. Per-Ingvar Brånemark, mtaalamu wa Uswidi, alitambua ya kuwa mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akamtilia mgonjwa wa kwanza vizizi vya namna hiyo. Hapo mwanzo desturi ilikuwa kungoja miezi mingi, tundu lijae mfupa.

Lakini kungoja nako kuna hasara. Mfupa uliokosa jino hupungua kama ukuta wa udongo usio na paa. Katika mwaka wa kwanza unene wake waweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 ya kwanza.

Basi waganga wa leo huhesabu nyakati nne. Ya kwanza ni siku ileile ya kung'oa, kama kuta za tundu ni nzima na kizizi chaweza kushikwa imara. Ya pili ni baada ya majuma 4 hadi 8, ufizi ukiisha kulifunika tundu. Ya tatu ni majuma 12 hadi 16, mfupa ukiisha kujijenga kwa sehemu kubwa. Ya nne ni miezi 6 na zaidi. Mfupa ukiwa haba, mganga aweza kuuongeza, lakini gharama nayo huongezeka.

Mwenzetu alikutwa na usaha mzizini. Mganga akamwambia arudi baada ya majuma 8, akampa jino la kuvaa na kuvua ili afundishe bila haya. Hivyo mume alikosa kwa pupa, na mke angalikosa kwa kukawia.

Enyi wazazi, ulizeni habari hizi na bei yake kabla jino halijang'olewa. Mvuta tumbako aache. Mwenye ugonjwa wa sukari autunze kwanza. Na asiyeweza gharama asione aibu: jino la kuvaa na kuvua nalo hutafuna.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngojangoja huumiza matumbo. Mwenye hekima hupima wakati wake.