Kwa nini amplifaya kuukuu hunguruma na kupoteza makali

AMPLIFAYA iliyotumika kanisani au dukani kwa miaka 20 ni nadra kuharibika ghafla. Huanza kwa mvumo mdogo usiokoma, kisha besi hupungua kishindo, na hatimaye sauti hukwaruza kila inapoongezwa.

Kwa kuwa mabadiliko hayo huja polepole, masikio ya mwenyewe huyazoea, naye huishia kulaumu spika. Kuna wanaonunua spika mpya kwa pesa nyingi, kisha wakashangaa kwamba mvumo ungalipo.

Mara nyingi kiini cha tatizo ni kifaa cha bei ya chini mno kikilinganishwa na mashine yenyewe: kapasita.

Umeme wa volti 240 unapoingia katika amplifaya hupunguzwa na transfoma, kisha daiodi huufanya uelekee upande mmoja. Hata hivyo, umeme huo huwa haujatulia. Hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Kapasita kubwa zilizo karibu na transfoma ndizo huutuliza. Kazi yake ni kama ya tangi lililo juu ya paa katika mtaa ambao maji ya mfereji huja kwa zamu: hujaa yanapokuja na kuendelea kutoa yanapokatika.

Ndani ya kapasita ya aina hii kuna tabaka jembamba za alumini zilizokunjwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kemikali ya majimaji. Miaka inapopita, majimaji hayo huponyoka kidogo kidogo kupitia kizibo cha mpira. Kapasita ikikauka, akiba yake ya umeme hupungua na ukinzani wa ndani huongezeka. Ngoma inapopigwa na kuhitaji umeme mwingi kwa mara moja, tangi huwa tupu, ndiposa besi hudhoofika.

Joto ndilo adui mkuu. Kwa kawaida, joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za selisiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Kapasita iliyoundwa kuhimili saa 2,000 katika nyuzi 85 inaweza kudumu takriban saa 16,000 katika nyuzi 55. Kwa baa inayopiga muziki saa nane kila siku, hiyo ni chini ya miaka sita. Amplifaya ikifunikwa kitambaa cha mapambo, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi, muda huo hufupika zaidi.

Mvumo wenyewe husaidia kutambua kasoro. Ukiendelea kusikika hata sauti ikipunguzwa kabisa, huenda kapasita za umeme zimechoka. Ukipanda na kushuka pamoja na sauti, yafaa nyaya na redio au mashine iliyounganishwa ichunguzwe kwanza.

Mkwaruzo unaosikika kitufe cha sauti kinapozungushwa ni jambo jepesi. Kwa kawaida ni vumbi na kutu, na dawa ya kupuliza huviondoa.

Hatari zaidi ni kifaa kidogo cha kurekebishia mkondo wa transista kubwa. Kikichakaa, mkondo waweza kupanda hadi transista zikaungua. Transista iliyoungua nayo huweza kusukuma umeme wa moja kwa moja hadi kwenye spika na kuteketeza koili yake. Hapo kasoro ya kifaa kidogo huwa imezaa hasara ya maelfu ya shilingi.

Amplifaya iliyokaa stoo miaka mingi pia haifai kuwashwa kwa pupa. Kapasita isiyotumika hupoteza utando wake wa ndani na yaweza kupasuka. Mafundi waangalifu huiunganisha kwanza kupitia balbu ya kale ya waya, ambayo huzuia umeme mwingi kupita. Balbu ikizidi kuwaka kwa nguvu, kuna hitilafu.

Kufungua mashine si kazi ya mtu asiye na ujuzi. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na katika amplifaya za vali umeme huo huweza kupita volti 400, kiasi cha kuua.

Fundi anapobadilisha kapasita, volti za ile mpya hazifai kuwa chini ya za kwanza, na pande za chanya na hasi lazima zizingatiwe. Kuweka yenye akiba kubwa kupindukia si dawa, kwani daiodi hulemewa mashine inapowashwa. Aidha, sokoni kuna kapasita ghushi: ndogo iliyofichwa ndani ya gamba kubwa. Uzani mwepesi usio wa kawaida ni dalili mojawapo.

Iwapo transfoma imeungua, hesabu hubadilika. Kuisuka waya upya huenda kukagharimu zaidi ya thamani ya amplifaya ya kawaida, ingawa kwa zile nzito za miaka ya 1970 wapo wanaoona gharama hiyo inafaa.