Mchumba wa Kukopa: Jinsi ya Kuchambua Mhusika Mjanja katika Futuhi ya Mapenzi

Mtahiniwa, anza na picha hii. Kijana wa Malangali, Sumbawanga, hana kitu. Anaazima suti, anakodi gari, kisha anapeleka posa kwa binti aliyerithi mashamba ya mahindi na kundi la ng'ombe kutoka kwa marehemu baba yake. Fedha za safari ni za mkopo, na aliyejiweka dhamana ni rafiki yake. Je, kijana huyu ni tapeli au ni mchumba?

Wengi hujibu "tapeli" na kuishia hapo. Jibu hilo halimpi msahihishaji kitu cha kukupa alama. Katika futuhi ya mapenzi, jambo la kuchunguza si kama mhusika amedanganya tu, bali amevua barakoa lini, mbele ya nani, na nani amelipa gharama ya uongo wake.

Maana ya futuhi
Futuhi, ambayo pia huitwa ramsa, ni tamthiliya inayoanza na matatizo na kumalizika kwa furaha, mara nyingi kwa ndoa. Hutofautiana na tanzia, ambayo huishia katika anguko au kifo cha mhusika mkuu. Katika futuhi, kifo kinaweza kukaribia, lakini huepukwa.

Mfano: Mabepari wa Venisi
Hii ni tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1969. Bassanio ameponda mali yake na ana madeni. Anataka kumposa Portia wa Belmont, binti tajiri aliyerithi mali ya baba yake. Ili aonekane mtu wa hadhi, anamwomba rafiki yake Antonio msaada. Antonio anakopa dukati 3,000 kwa Shylock kwa miezi mitatu. Akishindwa kulipa, atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Baba yake Portia aliacha wosia: mchumba achague kati ya visanduku vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Mwanamfalme wa Morocco anachagua dhahabu, wa Arragon anachagua fedha; wote wanakosa. Bassanio anachagua risasi na kumpata Portia.

Hoja za kujenga jibu lako

1. Nia ya mwanzo ina doa. Bassanio anapomweleza Antonio habari za Portia, anataja utajiri wake kabla ya uzuri na tabia yake. Safari ya uchumba ni pia njia ya kulipa madeni.

2. Uongo wake ni wa kuficha. Alikwisha kumwambia Portia kwamba hana mali ila nasaba yake. Alichoficha ni deni. Anakiri pale tu barua ya Antonio inapofika, muda umepita na maisha ya rafiki yake yako hatarini. Hapa unaweza kuegemea upande wowote: amekiri kwa uungwana, au amekiri kwa sababu amebanwa. Chagua upande na uutetee.

3. Kuna kinaya. Mtu aliyekuja na mapambo ya kuazima ndiye anayekataa dhahabu kwa hoja kwamba mng'ao hudanganya. Hadhira inajua asichokijua Portia.

4. Portia naye anavaa barakoa. Anajigeuza mwanasheria kijana, anaingia mahakamani na kumwokoa Antonio kwa hoja kwamba hati inaruhusu nyama, si damu. Kisha, akiwa bado amejificha, anaomba pete aliyompa Bassanio. Bassanio aliapa kutoitoa, lakini anaitoa. Nyumbani Portia anamdai pete hiyo, anamtoa jasho, ndipo anafichua siri. Aliyeficha deni anafundishwa na mwenye kuficha sura.

Zingatia jina
Katika Kiingereza jina la tamthiliya linataja mfanyabiashara mmoja. Nyerere ameandika mabepari, wengi. Neno bepari lilimaanisha mfanyabiashara, lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilisikika zaidi kama mtu anayeishi kwa mtaji na jasho la wengine. Kwa hiyo usijadili mapenzi peke yake. Jadili pia fedha: uchumba wa Bassanio nusura umuue Antonio.

Linganisha
Katika mtihani tumia vitabu ulivyoelekezwa, lakini njia ni ile ile. Katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, karani anaingia nyumbani kwa Mzee Mitomingi kwa kazi ya sensa, lakini moyo wake unahamia kwa Mazoea. Yeye hakukopa suti. Alitumia nafasi ya kazi. Gharama yake ni karatasi za sensa kuteketea, na taifa ndilo linalopata hasara. Kwa Bassanio, mwenye akili anatokea kuokoa jahazi. Kwa Ngoswe hatokei mtu.

Makosa ya kuepuka
• Kusimulia hadithi nzima badala ya kutoa hoja.
• Kutoa hoja bila tukio la kuithibitisha.
• Kuhukumu mhusika bila kutaja nani ameumia.

Jipime
"Mapenzi yaliyoanza kwa hila hayawezi kuwa ya kweli." Jadili kwa hoja nne.

Kabla ya kuandika, rudi kwa kijana wa Malangali. Binti akimkubali, yule rafiki aliyejiweka dhamana yuko wapi? Ukiweza kujibu swali hilo, umeshapata hoja yako ya kwanza.