Tano na Moja ni Sita: Juma la Masomo Lodwar na Kakuma

Watu wa mbali wakisikia Turkana hukumbuka ukame na ngamia. Ni nadra mtu kuuliza watoto wa huko wanasoma nini Jumatatu hadi Ijumaa. Basi, ndugu msomaji, tuifungue ratiba yao.

Tuanze na hesabu. Mtoto wa Kiturkana huingia darasani akijua tayari kuhesabu mbuzi, tena kwa vidole vya mkono mmoja: akifika tano, sita kwake ni tano na moja, saba ni tano na mbili, vivyo hivyo mpaka tisa. (Tusimcheke. Sisi Waswahili sita, saba na tisa tumeazima kwa Waarabu, tandatu tukaitupa, na kenda imebaki kwa wazee.) Mwalimu mwerevu huanzia hapo hapo kufundisha kujumlisha. Mtaala wa Umilisi, ulioanza nchini kote 2019, unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mazingira. Kuanzia Gredi ya Nne, Kiingereza hushika usukani, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Lakini Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, lugha ya mazingira ni ipi? Kambi ilifunguliwa 1992 walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan, na katika siku hizo za mwanzo watu walisomea chini ya miti. Leo wamo Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi na Waethiopia, na Waturkana ndio wenyeji. Darasa la watoto zaidi ya mia moja si jambo la kushangaza.

Kipindi cha Kiswahili ndicho chenye mambo. Mtoto wa Kongo huja na Kiswahili alichonyonya kwa mamaye, akaandika "batoto" badala ya "watoto", akapigiwa mkasi wa wino mwekundu. Jirani yake Msomali, aliyeanza lugha hii juzi tu kitabuni, huenda akampita kwa alama! Mimi siwezi kumwita yule wa kwanza mjinga wa Kiswahili. Anacho cha kwao, na mwalimu angefanya vyema kumwonyesha tofauti kabla ya kumkata.

Katika sayansi, kitabu huchora mto unaokwenda baharini. Mto Turkwel unaopita Lodwar hauendi baharini: unaishia Ziwa Turkana, na ziwa lenyewe halina mlango wa kutokea. Maji huondoka kwa kupaa tu, magadi yakabaki, ndiyo sababu maji yake si matamu. Huko Kakuma, Tarach ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na akina mama huchimba humo kutafuta maji. Somo la maji chini ya ardhi liko nje ya mlango, halihitaji picha.

Historia nayo haiko mbali. Jomo Kenyatta aliwekwa Lodwar kizuizini kuanzia 1959, baada ya kifungo cha Lokitaung, hadi 1961. Na huko Nariokotome, mwaka 1984, Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya mvulana aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Wataalamu wengi hukadiria alikuwa na miaka 8 au 9. Kwa umri huo angekuwa Gredi ya Tatu.

Lakini kengele inayosikizwa kuliko zote ni ya chakula cha mchana. Mpango wa chakula shuleni ulianza Kenya 1980 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na serikali ikaupokea 2018. Mahindi na maharagwe yakikosekana, madawati huanza kuwa matupu. Katikati ya 2025, posho ya wakimbizi Kakuma ilishushwa chini ya theluthi moja ya kipimo kamili. Wapo watoto ambao Ijumaa hula nusu, nyingine wakaifunika kwenye mkebe wampelekee mdogo wao nyumbani. Walimu huona, nao hunyamaza.