Hela ya Tabora kwenye Meza ya Bunduki

Mlangoni mlinzi huikagua silaha uliyokuja nayo, akahakikisha haina risasi, kisha akaifunga kwa mkanda wa plastiki. Asiye na silaha hulipa kiingilio tu akapita. Ndani ni meza kwa meza: bastola, bunduki za kuwindia, visu, mabuti ya jeshi, nyama iliyokaushwa. Ndivyo yalivyo maonyesho ya bunduki ya Marekani. Lile la Wanenmacher mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, hupangwa meza zaidi ya 4,000. Mengi ni madogo mno kuliko hilo, na hayo madogo ndiyo yanayomfaa mpenzi wa sarafu za kale.

Sarafu na bunduki zimekutania wapi? Kwa mteja. Anayeweka bunduki ndani kwa kuihofia siku mbaya huenda akaweka na sarafu za fedha na dhahabu kwa hofu ileile. Nao Wamarekani wana kumbukumbu yao: mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia wasalimishe dhahabu, na uhuru wa kuimiliki ulirudi mwisho wa mwaka 1974. Zilizosamehewa ni pamoja na sarafu adimu za wakusanyaji. Tena mzee akifariki, kabati lake la bunduki na kopo lake la sarafu hufunguliwa siku moja, na mara nyingi huuzwa kwa mtu mmoja. Mtu huyo anazijua bunduki. Sarafu huzimwaga kwenye trei kando ya maboksi ya risasi na kuzipangia bei kwa uzito.

Hapo ndipo maarifa yanapogeuka faida. Jambo la kwanza ni mwaka 1964. Sarafu za Marekani za senti 10, 25 na 50 za mwaka huo na za kabla yake ni fedha asilimia 90. Zilizofuata ni shaba iliyovikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, isipokuwa nusu dola ya Kennedy, ambayo hadi 1970 ilibaki na fedha asilimia 40. Zile za 1964 utazikuta kwa mifuko, na bei yake hufuata bei ya madini ya siku hiyo. Ni akiba nzuri, lakini mkusanyaji hatafuti akiba.

Anachotafuta ni dola ya Morgan. Ilichongwa na George T. Morgan na kutengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1. Igeuze upande wa tai, utazame chini ya shada la majani. Pasipo herufi, imetoka Philadelphia. S ni San Francisco, O ni New Orleans. Ukiona CC, tulia. Hiyo ni Carson City, Nevada, mji ulio karibu na machimbo ya fedha, ambao kiwanda chake kiliacha kutengeneza sarafu mwaka 1893. Dola ya 1921 iliyochakaa na ya 1889 yenye CC zina fedha sawasawa. Kwenye mizani ni mapacha, sokoni ni mbingu na ardhi. Ya 1893 yenye S ilitengenezwa 100,000 tu. Na kumbuka kwamba chini ya sheria ya Pittman ya 1918, dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa, kwa hiyo idadi ya zilizotengenezwa haikuambii zilizobaki.

Kwa sababu ya uadimu huo, herufi ndogo ya S ndiyo ambayo wahalifu huibandika kwenye dola ya kawaida. Beba mizani ya mfukoni, lenzi na sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, lakini hata shaba haivutwi, kwa hiyo usiridhike na jaribio hilo peke yake. Pima uzito, pima upana, kagua ukingo. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka sarafu ya kuiga ipigwe neno COPY. Mwizi haisomi sheria hiyo. Kwa sarafu ya bei kubwa, nunua iliyokwisha kukaguliwa na kufungwa na kampuni za kukagua sarafu, PCGS au NGC, kisha hakiki namba yake, maana hata vikasha vyao vya plastiki huigizwa.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka. Kumzidi ujuzi mfanyabiashara aliyejipangia bei yake ni halali ya soko. Mjane aliyekuja na kopo la marehemu, akakuuliza hizi zina thamani gani, mwambie kweli kabla hujatoa pesa yako.

Sasa tuje kwenye bakuli ambalo wengi hulipita: sarafu za nje, zilizochanganywa ovyo, kila moja kwa bei ya peremende. Hapo msomaji wa Kiswahili ana jicho ambalo muuzaji hana. Tafuta sarafu ya shaba nyekundu au ya njano yenye taji, herufi DOA (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani), mwaka 1916 na T ndogo. Upande wa pili imeandikwa 20 Heller. T ni Tabora. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: Waingereza walikuwa wameifunga bahari, sarafu zikaadimika katika koloni la Wajerumani, ndipo zikatengenezwa hapo Tabora, kwa shaba iliyopatikana pamoja na ile ya maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Ndugu yake wa dhahabu, rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima, zilitengenezwa kama 16,000, na hiyo usitegemee kuikuta bakulini. Lakini heller ya shaba hutokea.

Neno hilo tunalo mdomoni hadi leo: hela. Tunaitamka sokoni na kwenye daladala, na wengi wetu hatujawahi kuishika yenyewe. Sarafu iliyotokana na maganda ya risasi inaweza kuwa imelala sasa hivi kwenye meza ya risasi, mbele ya mtu asiyejua Tabora iko upande gani wa dunia.

Ukiipata, usiisugue wala kuitia dawa ya kung'arishia. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani yake, na haipo njia ya kuirudisha. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye karatasi, na andika umeinunua wapi na lini.