Je, Wajua? Weupe wa Karatasi na Maji ya Mto

Je, wajua kwamba karibu nusu ya mti unaoingia kwenye kiwanda cha karatasi nyeupe haitoki kama karatasi? Mti umejengwa kwa nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na lignini, kama fito za nyumba zinavyoshikwa na udongo. Kiwanda kinataka nyuzi tu. Basi vipande vya mbao hupikwa kwa kostiki soda na salfaidi ya sodiamu, kwenye joto la Selisiasi 170 hivi, hadi lignini iyeyuke. Nyuzi zikishatolewa, kinachobaki ni maji mazito meusi.

Maji hayo meusi ni kuni. Mkemia Mjerumani Carl Dahl alipata hataza ya upikaji huu mwaka 1884, na katika miaka ya 1930 G. H. Tomlinson wa Kanada akabuni tanuri la kuyachoma: mvuke unaendesha mitambo, kemikali zinarudi kupika tena. Kiwanda kinachoyamwaga mtoni kinamwaga mafuta yake na dawa zake kwa pamoja. Viwanda vidogo vilivyopika majani ya ngano na mpunga nchini China havikuwa na tanuri hilo, na mwaka 1996 serikali ikalazimika kufunga viwanda vingi vya aina hiyo kando ya mto Huai.

Je, wajua kwamba samaki wanaweza kufa kwa maji taka ya karatasi bila kuonja sumu yoyote? Vijidudu vya majini hula sukari na mabaki ya mbao, na vinapokula huvuta oksijeni iliyoyeyuka. Maji yenye Selisiasi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba 7 na nusu tu. Mto wa nchi ya joto, basi, huanza na akiba ndogo kuliko mto wa Ufini. Uchafu ambao mto wa baridi ungeuhimili unaweza kuukaba mto wetu, na wanaopima mitambo ya kusafishia maji kwa vipimo vya Ulaya wanapaswa kulikumbuka hilo.

Lakini sumu nazo zipo. Utomvu wa misonobari, ambao mti huutumia kujikinga na wadudu, una asidi zinazowadhuru samaki hata zikiwa kidogo sana majini.

Nyuzi zilizoponyoka kiwandani huzama na kulimbikana chini ya maji. Pwani ya Uswidi ina matabaka ya nyuzi yaliyobaki miongo kadhaa baada ya viwanda vyake kufungwa.

Je, wajua kwamba maji taka ya karatasi hulishwa mbolea? Yana mabaki mengi ya mbao lakini nitrojeni na fosforasi kidogo, na bakteria wanaoyasafisha hawawezi kukua bila hivyo viwili. Kwa hiyo viwanda huongeza urea na asidi ya fosfori kwenye mabwawa yao. Bakteria hao huingiziwa hewa, hula uchafu, kisha hutuama kama tope. Njia hiyo ilivumbuliwa na Edward Ardern na William Lockett huko Manchester, mwaka 1914. Tatizo ni kipimo. Mbolea ikizidi, inayosalia hutiririka na kulisha mwani na magugu maji. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa magugu maji ni nini.

Sasa habari inayoniuma kuliko zote. Mjini Dryden, jimbo la Ontario nchini Kanada, kiwanda cha rojo la mbao kilihitaji klorini ya kung'arishia. Mtambo jirani uliizalisha kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi juu ya zebaki, na kati ya 1962 na 1970 takriban tani 9 za zebaki zilimwagwa katika mto Wabigoon. Vijidudu vya tope viliigeuza zebaki hiyo kuwa methilizebaki, ambayo hupanda kutoka kwa mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa, hadi sahani ya mlaji. Walaji walikuwa Waanishinaabe wa Grassy Narrows na Wabaseemoong, walio mbali chini ya mto. Samaki walikuwa chakula chao na pia ajira yao, maana waliwaongoza wavuvi wa kitalii. Mwaka 1970 uvuvi wa biashara ukapigwa marufuku. Kazi zikaenda, maradhi yakabaki. Daktari Masazumi Harada, aliyewachunguza wagonjwa wa sumu ya zebaki wa Minamata kule Japani, alifika mwaka 1975 na kukuta dalili alizozijua. Fidia ilikubaliwa mwaka 1985. Serikali ya Ontario ilitenga dola milioni 85 za Kanada kwa ajili ya kusafisha mto mwaka 2017, miaka 47 baada ya marufuku. Watu hawa hawakuajiriwa na kiwanda hicho wala hawakukiomba kije.

Je, wajua kwamba klorini yenyewe, ikikutana na lignini, huzaa dioksini? Katika miaka ya 1980 sumu hii ya kansa ilipatikana katika samaki walioishi mtoni chini ya viwanda vya karatasi vya Marekani. Viwanda vingi vikahamia klorini dayoksaidi, inayozalisha dioksini kidogo mno, na vingine vikatumia oksijeni na peroksaidi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unautaja ung'arishaji kwa klorini miongoni mwa vyanzo vikuu vya dioksini.

Lakini klorini haikuwa shida yote. Katika mto Fenholloway, Florida, samaki wadogo wa kike wanaokula viluwiluwi vya mbu walikutwa wameota pezi refu ambalo kwa kawaida huwa la dume. Nchini Kanada, watafiti walikuta samaki wenye viungo vya uzazi vilivyodumaa hata chini ya viwanda visivyong'arisha kwa klorini kabisa. Mti wenyewe una kemikali zinazofanana na homoni. Maji yanaweza kuonekana safi na bado yakavuruga uzazi.

Huko Chile, karibu na Valdivia, kuna ardhi oevu iliyozaliwa na tetemeko la mwaka 1960, pale ardhi ilipodidimia na mto Cruces ukaifunika. Ilijaa bata maji wenye shingo nyeusi. Kiwanda kikubwa cha rojo kilifunguliwa upande wa juu wa mto huo mwaka 2004. Kabla ya mwaka kwisha mimea ya majini waliyoila ilikuwa imekufa, na bata kwa maelfu wakafa kwa njaa au wakahama. Wakazi wa Valdivia waliandamana. Mahakama ilikitia hatiani kiwanda hicho mwaka 2013.

Ziwa Baikal la Urusi hubeba takriban sehemu moja ya tano ya maji yote baridi ya juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu. Kiwanda cha rojo cha Baikalsk kilifanya kazi ukingoni mwake kuanzia 1966 hadi 2013 na kimeacha tope la lignini zaidi ya tani milioni 6.

Kwetu nako kuna historia. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Kenya, kilianza uzalishaji mwaka 1974, maji taka yake yakielekezwa mto Nzoia, unaoingia Ziwa Victoria huko Budalang'i. Wakazi walilalamikia uvundo na mabati yaliyoliwa na kutu. Kilipofungwa mwaka 2009 walilia njaa, na kilio hicho nacho ni cha haki: mji ulikitegemea. Tanzania ina kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza mwaka 1985. Mkulima wa miti na mfanyakazi wa kiwanda wanahitaji viwanda hivi. Mvuvi wa chini ya mto anahitaji maji yenye uhai. Haki ya mmoja haifuti ya mwenzake.

Je, wajua kwamba Argentina na Uruguay zilifikishana Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa sababu ya kiwanda cha rojo? Hukumu ya mwaka 2010 iliikuta Uruguay na kosa la kutoshauriana na jirani inavyotakiwa, ingawa uchafuzi haukuthibitishwa. Mahakama ilisema pia kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ni wajibu pale mradi unapoweza kuidhuru nchi nyingine. Ziwa Victoria lina nchi tatu.

Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka maji taka yanayoachiliwa yasiwe na uhitaji wa kibiolojia wa oksijeni unaozidi miligramu 30 kwa lita. Msomaji uishiye kando ya mto chini ya kiwanda, omba vipimo vya maji taka yake uvione. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya inakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi, na haikutaki uthibitishe kwamba kuna mtu ambaye tayari ameumia.